Bustani Isiyo na Mwezi

Mjini Bundi, huko Uhindi, enzi zangu, kindi walitembea wameubana mgongo ukutani kwa kutuogopa sisi wachoraji wa jumba la mfalme. Brashi zetu zilitokana na nywele za mikia yao, na mimi peke yangu nilimaliza mikia ya mitaa miwili. Wenzangu walichora nyuso. Mimi niliachiwa mimea, miaka thelathini. Migomba yangu iliwahi kupiganiwa na nyani.

Asubuhi moja, uani kwangu, nilirudi nyuma hatua tatu niitazame vizuri picha ya bustani ya malkia, nikaukanyaga mrehani wa mke wangu Kesar, ule anaouzunguka kila siku akiomba. Hakugomba. Alikwenda zake kwa kaka yake. Afadhali angenipiga.

Siku ya tisa mkate niliojiokea ulinuswa na mbwa, akanitazama kwa huruma. Nikaona nimwombe Kesar radhi kwa njia ninayoijua. Nikachora bustani nzuri kuliko zote, nikampa kaka yake, Tejmal, ampelekee.

Tejmal alirudi nayo, na uso wa mtu aliyecheka njia nzima.

"Shemeji, dada anauliza unamtaka arudi mwezi gani."

"Mwezi gani kivipi?"

"Mwembe wako umechanua, baridi inaisha. Yungiyungi limefunguka, ni masika. Komamanga nalo limeiva, baridi imerudi. Hajui avae nguo nyepesi au ajifunike shali."

Ndivyo tulivyofunzwa jumbani: bustani ya mfalme huchanua yote siku moja, maana nani atamwambia mfalme asubiri? Lakini Kesar ni binti wa mtunza bustani.

Nikachukua kipande cha karatasi, nikachora ua wetu kama ulivyokuwa siku hiyohiyo, katika jua la Jeth, mwezi wa joto kali kuliko yote. Mbilinganya umejikunja, mpilipili umelala kama mlevi, na mrehani, niliokuwa nimeufunga kijiti, una majani manne. Mkono uliniwasha niongeze la tano. Nikauzuia, nikampa Tejmal akaipeleke.

Kabla ya adhuhuri mlango ulisukumwa. Kesar alipita bila salamu, mtungi kiunoni, akaanza na mpilipili. Kisha akauinamia mrehani kwa muda mrefu.

"Umekosea," akasema. "Ni matano. Hili hapa linachungulia."

Nikamwambia macho yangu yamezeeka.

"Basi kalete maji mengine, mzee wangu."

Nilikwenda kisimani mara kumi na moja. Wanaosema mara tatu hawakuwepo.