Kwa Jina la Sheikh Olow

Kiharusi kilimpata Sheikh Olow mwezi wa Rajabu, na kwa siku moja kikamnyang'anya vitu viwili: mkono wa kulia na maneno. Alikuwa amesomesha nahau ya Kiarabu mjini Garissa kwa miaka thelathini na mitano. Sasa alilala chumba cha mbele akitazama mabati, na akitaka maji aligonga ubao wa kitanda kwa kidole.

Kowsar, binti yake wa pekee, alirudi nyumbani kumtunza. Alikuwa na miaka thelathini na minne. Ndoa yake ya Wajir ilikwisha bila mtoto na bila makelele, na tangu hapo alikuwa akifundisha Kiarabu katika shule ya wasichana. Aliiacha kazi hiyo. Hakuna aliyemlazimisha, ila hapakuwa na mwingine.

Wanafunzi wa zamani wa Sheikh walikuja kumtazama, mwanzoni makundi kwa makundi, kisha mmoja mmoja siku za Ijumaa. Walimsomea dua, wakanywa chai ya Kowsar, wakamuuliza habari za dawa na chakula, wakaenda zao. Hakuna aliyemuuliza jambo la lugha, na hali yeye ndiye aliyesomeshwa na Sheikh kuliko wote. Tangu alipokuwa na miaka saba, kila siku baada ya alfajiri, baba yake alivuta kigoda karibu na jiko alipokuwa akichoma mikate ya anjera na kumsaili. Neno hili mzizi wake upi? Herufi gani imeanguka? Nani kasema hivyo, na nani kampinga? Walibishana hadi anjera ikaungua. Sheikh hakupenda mwanafunzi anayekubali upesi.

Sasa alfajiri ilipita kimya. Kowsar alimgeuza baba yake ubavu, akambadilisha shuka, akamlisha uji kwa kijiko. Nyakati nyingine alimuuliza mwenyewe: "Aabo, hili limetoka wapi?" Sheikh alimtazama kwa upole, kama mgeni aliyeulizwa njia katika mji asioujua.

Kilichoendelea kuita ni simu ya Sheikh. Sheikh alikuwa katika kundi la WhatsApp la watu wa lugha, kama sitini hivi, maimamu na walimu wa madrasa kutoka Garissa hadi Mandera. Walijua anaumwa na hasemi, lakini hata waliomtembelea hawakujua kama bado anaweza kuandika. Asubuhi moja liliingia swali kutoka kwa mwalimu mmoja wa kambi ya wakimbizi ya Hagadera, jina lake Mursal.

"Sheikh wetu, Mungu akuponye. Wanafunzi wameniuliza neno *ism*, yaani jina, limetokana na nini. Nimewaambia linatokana na *wasm*, ile alama ya moto anayochomwa ngamia ajulikane ni wa nani. Nimekosea?"

Kowsar alikaa na swali lile hadi adhuhuri. Alikuwa na jibu tangu mstari wa pili. Kilichomchelewesha ni kitu kingine. Mwishowe aliandika kwenye simu ile kwamba rai hiyo ni ya wanazuoni wa mji wa Kufa, na wale wa Basra wameipinga. Wao wasema *ism* limetokana na *sumuww*, yaani kuinuka, kwa sababu jina humwinua mtu akaonekana. Na ushahidi wao ni wingi wa neno: husemwa *asmaa*, haikusikika *awsaam*, ambayo ndiyo ingetoka kwenye *wasm*.

Hakuandika kwamba yeye ni Sheikh. Hakuandika pia kwamba siye.

"Alhamdulillahi," akaandika mtu wa Wajir. "Sauti imekwenda lakini elimu ipo." Wengine wakafuata kwa dua. Kowsar akaiweka simu chini ya mto na kwenda kuanua nguo.

Mursal hakukubali upesi. Siku ya pili alirudi, safari hii akimwandikia Sheikh peke yake, nje ya kundi. Alisema herufi waw ya *wasm* imeanguka mwanzoni, na jambo hilo si geni: tazama *sifa*, ambalo limetokana na *wasafa*. Waw iko wapi? Kowsar alicheka peke yake jikoni, mara ya kwanza tangu Rajabu. Akamjibu: Kweli imeanguka, lakini tazama fidia yake imewekwa wapi. *Sifa* limepoteza herufi mbele, likafidiwa kwa herufi taa mwishoni. *Ism* limefidiwa kwa alifu ya mbele. Fidia huwekwa upande wa pili, basi kilichopotea kilikuwa nyuma. Ndivyo ilivyo kwa *ibn*, yaani mwana.

Ilipita nusu saa. "Umenibana, Sheikh," akaandika Mursal. "Nipe hadi kesho."

Wakaendelea hivyo miezi minne. Mursal alikuwa amezaliwa kambini. Aliandika kwamba babu yake alikuwa na ngamia mia moja ng'ambo ya mpaka, na kwamba yeye hajawahi kuiona ile alama, ila mama yake humchorea kwenye vumbi: mstari na nusu duara juu yake. Aliandika juu ya darasa lake, watoto arobaini na ubao mmoja. Kila alichojibiwa alikwenda kuwafundisha. "Leo nimewaambia, kasema Sheikh Olow," aliandika, na kila aliposoma maneno hayo Kowsar alihisi furaha na aibu vikimjia pamoja.

Waliandikiana kwa Kiarabu, na Kiarabu kilimfichia siri yake. Asemaye "nimesema" au "nadhani" kwa Kiarabu hajulikani ni mwanamume au mwanamke. Kitenzi cha anayejisemea ni kimoja tu. Jinsia hujitokeza katika sifa: mchovu wa kiume ni *mut'ab*, na wa kike huongezwa taa ya mwisho, *mut'aba*. Kowsar alizikwepa sifa kama anayekwepa miiba njiani.

Siku moja Sheikh alipata homa. Kowsar hakulala siku mbili. Mursal aliuliza mbona leo jibu limechelewa, naye, macho yakiwa mazito, akaandika: "Niwie radhi, mimi ni *mut'aba*."

Aliiona taa ile baada ya kutuma. Akaufuta ujumbe mara moja, akaandika upya bila hiyo taa. Mursal alikuwa amekwisha kuusoma. Kwa siku sita hakuandika chochote.

Siku ya saba aliandika kwamba amepata kibali cha kutoka kambini, anamleta mama yake Garissa kutibiwa macho, na angependa kuja kumsalimu Sheikh Jumatano, baada ya alasiri.

Kowsar angeweza kumwambia Sheikh hapokei wageni. Aliandika maneno hayo mara mbili na mara mbili akayafuta. "Karibu," alijibu.

Mursal alikuja na kilo moja ya sukari mkononi. Alikuwa mwembamba, pengine na miaka thelathini, viatu vyake vimejaa vumbi jekundu. Aliinama kumsalimu Sheikh, akaushika ule mkono wa kulia kwa mikono yake miwili. Vidole vilikuwa vimejikunja kuelekea kiganjani, na havikufunguka. Sheikh alimtazama, kisha akatazama ukuta.

Mursal alibaki ameushika kwa muda mrefu. Kisha akaulaza juu ya shuka taratibu.

"Mkono huu hauandiki," alisema.

Kowsar alikuwa amesimama mlangoni. "Haujaandika tangu Rajabu."

"Nami nilianza kuuliza mwezi wa Shaabani."

"Naam."

Akakaa juu ya mkeka, mgongo ukiwa ukutani, bila kumtazama usoni. "Nilipoiona ile taa nilisema, Sheikh ni mgonjwa, ameteleza. Kisha nikasema, Sheikh Olow hatelezi katika taa." Akageuka upande wa mlango. "Abbaayo, dada yangu, kwa nini?"

"Lile swali la kwanza," alisema Kowsar, "kama ningekujibu kwa jina langu, ungerudi siku ya pili?"

Mursal alifikiri. Hakuwa mtu wa kujibu ili kupendeza. "Sijui," alisema. "Labda ningekushukuru, kisha nikamtafuta mwanamume wa kumuuliza kama ni kweli."

"Basi hiyo ndiyo sababu. Na nyingine ni kwamba humu ndani hamna anayenibishia."

"Mimi nimewaambia watoto arobaini, kasema Sheikh Olow. Wameandika kwenye daftari. Wengine watafundisha wenzao, nao watasema, kasema Sheikh Olow. Unajua uzito wa jambo hilo. Wewe umelijua kabla yangu."

Alilijua. Hilo ndilo lililokuwa likimuuma kila siku, wala si hofu ya kujulikana. Elimu ile ilibebwa na majina: fulani kasema, kapokea kwa fulani. Yeye alikuwa ameweka maneno katika kinywa cha mtu asiyeweza kuyakubali wala kuyakana, tena baba yake.

"Nikirudi itanibidi niwaambie," alisema Mursal.

"Niachie hadi Ijumaa. Niseme mwenyewe kwanza."

Aliitikia kwa kichwa. Kowsar alimletea chai, akainywa nusu. Alipoinuka alimwombea Sheikh dua ndefu kwa sauti ya chini, na alipofika mlangoni akasema, "Jibu la *sifa* na *ibn*, hilo la fidia, ni la Sheikh au ni lako?"

"Ni la wa Basra. Aabo alinifundisha. Kulileta pale ulipokwama, hilo ni langu."

"Lilinibana kweli," alisema, akatoka.

Ijumaa baada ya swala Kowsar aliandika kwenye kundi. Alijitaja: Kowsar binti Olow. Alisema Sheikh hajaandika neno tangu augue, na kila jibu tangu Shaabani ni lake yeye. Penye kosa ni lake, na mwenye kunukuu asimnukuu Sheikh. Akawaomba radhi wote. Safari hii sifa zote alizoziandika zilikuwa na ile taa ya kike.

Hakuna aliyejibu mpaka karibu na magharibi. Mtu wa kwanza aliandika "Inna lillahi," kana kwamba kuna aliyekufa. Mwingine alisema ni khiyana. Liban, aliyesomeshwa na Sheikh kwa miaka kumi, na ambaye kila Ijumaa alikunywa chai ya Kowsar, aliandika kwamba dada yetu asamehewe, ana mzigo mkubwa, ila kundi hili ni la mashekhe. Kisha namba ya Sheikh ikaondolewa kwenye kundi. Katika majibu yote ya miezi minne, hakuna hata mmoja aliyeonyesha lililo kosa.

Ijumaa iliyofuata hakuja mgeni. Wala ile ya baadaye.

Mursal aliandika mara moja tu, wiki tatu baadaye. Alisema amewaambia wanafunzi. Amewapa kalamu wakafuta jina la Sheikh Olow na kuandika juu yake, *kasema Kowsar binti Olow*. Mvulana mmoja aliuliza kama mwanamke anaweza kunukuliwa katika nahau, naye akamjibu: mwenye hoja hunukuliwa. Kisha akaandika kwamba macho ya mama yake yamepata nafuu. Kwamba yeye ana mke, na si vizuri aendelee kuandikiana na mwanamke asiye maharimu wake, faraghani, hata kama ni juu ya waw na alifu. Watu watasema, na watakayemsema zaidi ni yeye Kowsar. Kwa hiyo anamuaga, na anamwombea heri yeye na Sheikh. Na kwamba katika *ism* yeye bado yuko na watu wa Kufa, kwa sababu ushahidi wa wingi una jibu lake: herufi zinaweza kuhama mahali pake, na wingi ukafuata.

Kowsar alisoma mara tatu. Hoja ilikuwa dhaifu. Kuhama kwa herufi hakudaiwi bila ushahidi, na hapa hakuuleta. Alianza kuandika, kidole kikakimbia mistari mitano, kisha akakumbuka kwamba ameagwa. Akafuta herufi moja moja hadi mahali pakawa peupe. Alimwandikia: "Amin. Msalimie mama." Hakupata jibu, wala hakulitarajia.

Asubuhi iliyofuata alimwinua baba yake, akamwegemeza kwenye mito miwili na kumfunga kitambaa shingoni. Uji ulikuwa bado moto; akawa anaukoroga ili upoe.

"Aabo," alisema, "kuna mtu anasema herufi zimehama. Wewe ungemuuliza, zimehama wapi tena katika neno hili? Nionyeshe pengine. Naye angesema, zimehama katika maneno mengine. Nawe ungesema, hayo yana ushahidi, hili halina." Akapuliza kijiko. "Halafu angenyamaza siku moja. Halafu angerudi."

Sheikh Olow alifungua kinywa, akameza. Kowsar akaendelea, mara upande huu mara upande ule, hadi bakuli likafika nusu na mzee akafumba midomo, ishara kwamba ameshiba. Alimpangusa kidevu, akamlaza ubavu wa kushoto, akamalizia ule uji mwenyewe akiwa amesimama.