Chumvi ya Kamanda

...na ni vidole vile vile, vinene, vinafuata serenadi juu ya goti polepole kama vya mtu mwenye roho safi, Régine anavitazama kutoka nyuma ya klarineti yake, viko mstari wa mbele kabisa wa wasikilizaji, ukumbi wa parokia ya Nyakasanza, kamanda, siku hizi anaitwa Honorable, amefumba macho, anatabasamu, na wapulizaji kumi wanamtumbuiza eti kwa ajili ya amani, Régine mate yamemjaa mdomoni na hana pa kuyatema... "Hesabu, Régine," ananong'ona Ephraïm wa klarineti ya kwanza, "siye tunaingia pamoja," naye anahesabu mapigo ya kunyamaza, tisa, kumi, kule Kilo, utotoni mwake, nyumba yao ilikuwa inaungua na mtu huyu amekaa kwenye kiti cha baba, baba amelala uani hajafunikwa hata shuka, kamanda anatafuna kuku wao, analamba kidole kimoja kimoja, "Kuku haiko na chumvi, mama, leta chumvi," na mama akaleta, Mama Bernadette, akapiga magoti, "Iko hapa, chef," kwa mikono miwili, kwa heshima, hicho ndicho kilichomkwama Régine kooni miaka yote hii, si moto, ni ile chumvi, tangu hapo hali chakula cha mama yake, kila Jumapili anafika kwa mama, kambini kwa wakimbizi, anasema nimeshiba, mama anafunika sufuria... kumi na tisa, ishirini, ona anavyotikisa kichwa, utamu umemkolea, na nani anampa utamu huo kama si mimi, kwa pumzi yangu, na shati nimelipiga pasi, uchafu gani huu, simama utoke, lakini mlangoni wamesimama walinzi wake na bunduki, lakini Ephraïm ana watoto, lakini... mama naye alikuwa na mtoto, mtoto alikuwa mimi, nilikuwa wapi, nyuma yake, chini ya kikwembe alichojifunga kiunoni, gizani, kichwa kimebanwa hakitikisiki, kimebanwa na nini, na kiganja, cha mama, basi haikuwa mikono miwili, mmoja ulipeleka chumvi, mmoja ulinificha, Mungu wangu, mmoja tu... thelathini, vidole bado vinacheza gotini, leo Régine akifika kambini atasema mama, niko na njaa... "Sasa," ananong'ona Ephraïm, na Régine anavuta pumzi.