Hati ya Kumfukuza Obadia Pratt

"Andika kwa upole basi, mheshimiwa," alisema askari wa mji, akikung'uta theluji kwenye buti. "Mzee mwenyewe hana hata jino."

Wakili Asaheli Burnham alivuta karatasi karibu. Alichonga ncha ya unyoya wa bata bukini, akauchovya kwenye wino, akaandika jina alilokuwa nalo rohoni miaka thelathini: Obadia Pratt.

Sheria ya jimbo la Vermont iliruhusu mji kumsomea mgeni maskini hati ya kumfukuza kabla hajawa mzigo kwao. Mwezi Oktoba, Bungeni, wabunge wenzake walitaka kuifuta. Asaheli alikuwa ameshasikia kwamba kinu cha Pratt cha kusaga nafaka kimeungua, na kwamba mzee amehamia mjini kwao. Alisimama akaitetea sheria ile mpaka ikapona.

Dada yake, Kezia, ndiye pekee aliyejua sababu. Kezia alikuwa na miaka tisa pale Pratt, mkubwa wa mji walimokuwa wakiishi, alipomsomea mama yao mjane hati kama hiyo, katikati ya Januari. Mama alifia njiani, ndani ya ghala la nyasi, Kezia akimsugua miguu.

"Utamsomea wewe?" Kezia aliuliza, mikono ndani ya unga aliokuwa akiukanda.

"Mimi mwenyewe."

"Ngoja kesho, kaka. Leo upepo mkali."

"Siku ile ya mama ulikuwa umelala, huo upepo?"

Kezia akarudi kwenye unga wake.

Pratt alikuwa amejihifadhi kwenye kibanda nyuma ya nyumba ya mtengeneza ngozi. Alipomwona mheshimiwa akisimama mlangoni na askari, alivua kofia. Asaheli alisoma taratibu, neno baada ya neno, akingoja uso ule ubadilike. Haukubadilika.

"Unajua mimi mtoto wa nani?"

Mzee alimkodolea macho. "Niwie radhi, mwanangu. Sikujui."

"Wa Patience Burnham. Ulimfukuza kwa hati kama hii."

"Patience," mzee alirudia, akilitafuta jina. Akatikisa kichwa. "Niliwasomea wengi."

Akajifunga blanketi mabegani, akatoka. Barabarani alisimama, akageuka.

"Niende upande gani, mheshimiwa?"

Asaheli aliinua mkono kumwonyesha njia. Hati ilikuwa ikipigapiga mkononi mwake kwa upepo, na theluji ilikuwa imefunika alama zote za magurudumu, huku na huku.