Kikombe cha Venie

Jumamosi, tarehe kumi na nne Machi 1953, ndiyo siku akina mama wa kamati ya kanisa walipolipoteza kaburi la Venie Grayson. Hawakuchimba, hawakuiba. Walisafisha tu.

Askofu alikuwa anakuja kwa sherehe ya miaka mia mbili ya kanisa la Kiepiskopali la Mtakatifu Stefano. Basi wakapita na reki mpaka nyuma ya ukuta, upande wa makaburi ya weusi, wakazoa kila walichokiona takataka: makombe ya baharini, chupa, taa zisizo na utambi, vikombe vilivyovunjika. Huko nyuma hakuna aliyewahi kuwekewa jiwe. Marehemu huwekewa chombo alichokitumia mara ya mwisho, kikavunjwa juu ya kaburi, asije akakirudia nyumbani. Venie aliwekewa kikombe cheupe chenye mstari wa buluu. Isom, mumewe, alikivunja kwa mkono wake mwenyewe.

Jumatatu asubuhi Isom alikuta mchanga mtupu, umechanwa kama nywele za mtoto wa shule. Shemeji yake Tobias, kaka wa Venie, alikuwa ameshika beleshi. Kando yake alisimama Bwana Trapier, mkuu wa baraza la kanisa, ameshachomeka kigingi.

"Shemeji, unamchimba dada yako?"

"Nachimba nilipoambiwa. Usinianze asubuhi yote hii."

"Ni nguzo ya ukumbusho tu, Isom," Trapier akasema. "Ya waasisi waliolijenga kanisa hili."

Isom akacheka kwa pua. Kwenye matofali ya ukuta ule alama za vidole vya watoto zimo mpaka leo, watoto wa watumwa waliofinyanga udongo huku waasisi wamekaa kivulini.

"Waliolijenga uko juu yao na viatu vyako, Bwana."

"Sikuja kubishana. Nionyeshe mkeo alipo, nitasogeza kigingi. Nakupa neno langu."

Isom akatazama. Mwerezi ule pale, ukuta huu hapa. Siku ya mazishi alikuwa analia, nani angekumbuka kupima? Miaka yote alikifuata kikombe. Akionyesha kushoto, watachimba kulia. Na kama yuko kulia? Tobias akakwepesha macho. Naye hakuwa na hakika.

"Hapo hapo," Isom akasema, kidole kwenye kigingi.

"Ajabu! Hapo hapo nilipochomeka?" Trapier akatabasamu. "Basi vipande vya kikombe havitakosekana chini. Tobias, kwangua kidogo."

Tobias akapiga magoti, akafukua kwa vidole. Akatoa kigae cha glasi ya kijani, nzito, ya zamani sana. Chini yake palikuwa na kombe la baharini, limefunikwa mdomo chini, vile vile lilivyowekwa na aliyeliweka.

Akalirudisha upesi, akajifuta mikono kwenye suruali. "Huyu si Venie."

"Umenidanganya, Isom."

"Nimekudanganya. Lakini mtu yupo."

Trapier akang'oa kigingi, akakisogeza hatua chache kuelekea mwerezi, akakikandamiza kwa kisigino.

"Basi hapa. Chimba."

Tobias hakuinua beleshi. Isom akaenda akasimama mbele ya kigingi, kofia kifuani.

"Na hapo, Bwana Trapier, amelala nani?"