Mistari ya Elektroni

Hajira binti Jabiri alikuwa karibu kurudi Ulaya kumalizia shahada yake ya fizikia, na jambo moja tu alilolitaka lilikuwa linamgomea. Alitaka baba yake, mkulima wa Sindeni, aone kwa macho yake kitu kilichomweka mwanawe mbali miaka yote ile.

Kitu chenyewe kilikuwa kidonge cheusi cha kauri. Kikipozwa kwa naitrojeni ya kimiminika, umeme hupita ndani yake bila kupotea hata chembe, na sumaku ndogo ikiwekwa juu yake huelea hewani. Shule moja ya wasichana mjini Korogwe ilikubali kumpa maabara. Naitrojeni aliahidiwa na Mwinjuma, bwana mifugo wa Handeni, aliyeitumia kuhifadhia mbegu za madume ya ng'ombe.

Alipofika Chanika, hapo Handeni, na baba yake kuichukua, Mwinjuma alimwonyesha mtungi uliokaribia kukauka.

"Zamani gari la serikali la kuleta naitrojeni lilikuwa halikosi," alisema. "Sasa kazi wamepewa watu binafsi. Huyu wetu anakuja akijisikia."

"Lakini uliniahidi, kaka Mwinjuma."

"Niliahidi. Na mama Naitoi pale nje ameswaga ng'ombe wake tangu alfajiri aje apandishiwe. Mbegu zikiharibika nimwambie nini?"

Hajira akamtazama yule mama wa Kimasai aliyesimama na ng'ombe wake uani. Mwishowe Mwinjuma akamkingia kidogo kwenye chupa ya chai, akaiziba kwa pamba ili mvuke upate pa kutokea.

Basi la Korogwe likapasuka tairi njiani. Hajira akawa anautazama mvuke mweupe ukizidi kufifia mdomoni mwa chupa.

Maabarani, wasichana walisongamana kuzunguka meza. Akamimina kilichobaki juu ya kidonge. Sumaku ikainuka, ikaelea, kisha ikaanguka pu! Mzee Jabiri alikuwa bado anafuta vumbi kwenye miwani.

"Sikuona, mwanangu."

"Ndiyo imeisha, baba."

"Basi nieleze."

Hajira akachukua chaki. "Kwenye baridi kali, elektroni hutembea mbili mbili, hakuna kinachozikwamisha. Kule Ulaya mimi nikakiweka kidonge kwenye sumaku yenye nguvu mno, ikaivuruga ile safari. Nilidhani zitatawanyika ovyo. Badala yake nikaona dalili kwamba zinajipanga mistari: hapa zimesongamana, hapa chache, hapa zimesongamana tena."

"Zenyewe?"

"Zenyewe! Na profesa wangu anasema hiyo ni kasoro tu ya kidonge. Sumaku za namna ile ni chache duniani, kurudia kipimo ni kusubiri zamu mpaka mwakani. Halafu huku kwetu nashindwa hata kukuonyesha kitu kinachoelea!" Sauti ilimpasuka mbele ya wasichana.

Mzee Jabiri aliitazama ile mistari ubaoni. "Kina kasoro kweli?"

"Hakina. Nimekitengeneza kwa mikono yangu."

"Basi kasubiri zamu."



Likizo ikaisha gari la naitrojeni halijaonekana Handeni. Alisafiri akiwa bado amekasirika, na siku aliyofika aliomba zamu ya sumaku kubwa, bila kumwuliza profesa.