Upana wa Mkono wa Gerishom

"Bana vidole," nilimwambia. "Ukivitanua utanidanganya."

"Nimevibana, Nasifu. Hapo ndipo mwisho."

Niliinama nikatazama. Kweli vilikuwa vimebanana. Nikasimamisha penseli wima na kuendelea kuuzunguka mkono wake juu ya ukurasa mweupe, nikianzia kwenye kifundo, nikapanda dole gumba, nikashuka, nikapanda tena. Mimi hutumia penseli nyembamba, kwa sababu nene huongeza mkono.

Juu ya kaunta nilikuwa nimepanga mausi tano za kompyuta zisizo na waya, zote za kuchezea gemu, zote za mikono mikubwa. Nilizitoa kwenye maboksi yake nikatia betri zile zilizohitaji. Moja ilikuwa na nundu ndefu mgongoni, nyingine ilikuwa pana na ina pa kuegemeza dole gumba. Ya tatu ilikuwa nyepesi kama ganda la yai. Gerishom alishazishika zote mara mbili na hakuna iliyompendeza.

"Nyinyi Wabongo mnapenda sherehe," alisema. "Si unipe tu ile kubwa kuliko zote tumalizane?"

"Kubwa kuliko zote ni nzito. Ukicheza saa mbili kifundo kitakuuma."

"Kinaniuma sasa hivi, na sijacheza."

Nilianza kuchora mikono ya wateja miaka minne iliyopita, baada ya kuona jinsi mausi zilivyokuwa zikirudishwa. Mtu ananunua leo, kesho anairudisha akisema vidole vinaning'inia. Nikakumbuka nyumbani Muheza, mtu akienda mjini kununua viatu, wewe unayebaki unakanyaga karatasi, unachorwa mguu, karatasi inakunjwa inatiwa mfukoni. Viatu vikija vinakaa. Nikaona mkono nao ni vilevile. Urefu ni kutoka mstari wa kifundo hadi ncha ya kidole cha kati. Upana ni pale chini ya vidole, bila dole gumba. Naandika jina, tarehe na mausi aliyochukua. Bassam, mwenye duka, alicheka mwezi wa kwanza, halafu maboksi yakaacha kurudi, naye akaacha kucheka.

Gerishom alikuwa mteja wangu wa zamani. Ni Mluhya wa Vihiga, mlinzi wa maegesho ya jengo moja hapahapa Muraqqabat, Dubai, mitaa miwili kutoka dukani. Siku za mapumziko yeye na wenzake walicheza gemu la kulenga shabaha kwa kompyuta, timu za walinzi wa majengo manne, na Ijumaa hiyo ilikuwa fainali. Walimwita Rada. Adui alikuwa hajamaliza kutokeza kichwa, Gerishom kashampiga.

"Lakini siku hizi nimekuwa takataka," alisema, akiinua mkono kutoka kwenye daftari na kuukunjakunja. "Wananitokea pembeni, wananimaliza kama kuku. Vijana wananiambia, Rada imeharibika, nunua mpya. Ni hii mausi, maze. Imekuwa ndogo. Mkono unakufa ganzi."

"Niliyokuuzia mwaka jana?"

"Hiyohiyo."

"Ilikukaa vizuri."

"Ilinikaa. Sasa hainikai."

Sikumbishia. Niliweka rula. Urefu ulikuwa sentimita ishirini nukta saba. Upana, kumi nukta tisa. Niliandika, kisha nikarudisha kurasa nyuma kutafuta alichochukua mwaka jana, nisije nikampa umbo lilelile.

Ukurasa wa mwaka jana ulisema urefu ishirini nukta tano, upana kumi kamili.

Nilidhani nimekosea leo. Nikapima tena. Kumi nukta tisa. Nikachukua rula ya chuma ya Bassam kwenye droo, nikailaza kwanza kwenye ile ya plastiki kuona kama zinakubaliana, zikakubaliana, nikapima mchoro wa leo na wa mwaka jana kwa rula ileile. Tofauti haikusogea. Basi labda nilikosea mwaka jana. Nikarudi nyuma zaidi, kwenye mausi ya kwanza kabisa aliyonunua kwangu, mwaka juzi. Upana tisa nukta tatu.

Nilikaa kwenye kiti. Nilijua nimekaa kwa sababu kaunta ilikuwa ghafla mbele ya kidevu changu.

"Nini?" Gerishom aliuliza. "Hamna saizi?"

"Una miaka mingapi, kaka?"

"Thelathini na sita. Kwani mausi inauliza miaka?"

"Umenenepa?"

"Kilo nne, tano hivi. Kila mtu ananiambia. Nikipiga video nyumbani, mama anaita majirani waje waone. Wanasema, huyu sasa ndiye mzee wa boma, tazama uso, tazama mikono. Dubai imemkubali." Alicheka. "Hata wewe ulisema."

Ilikuwa kweli. Mwaka jana, siku ile ya mausi ya pili, nilimshika mkono nikamwambia, Gerishom, mji umekukubali. Nilichora ukurasa mpya na sikufungua wa zamani. Ulikuwa nyuma kwa kurasa thelathini tu.

"Viatu je?" nilimuuliza.

"Viatu vimefanya nini?"

"Unavaa namba ngapi?"

"Buti za kampuni? Nilianza na arobaini na tatu. Sasa arobaini na sita. Yule wa stoo anasema nakula mpaka miguuni." Alikuwa bado anatabasamu, lakini tabasamu lilikuwa limesimama mahali pamoja. "Pete nayo niliitoa kwa sabuni. Nasifu, mbona unaniuliza kama wa uhamiaji?"

Nilimgeuzia daftari. Nikaweka kidole kwenye namba moja, kisha ya pili, kisha ya tatu. Yeye ni mtu wa haraka, lakini hapo alichukua muda.

"Mtu mzima mkono haukui," alisema mwishowe.

"Nami ndivyo nilivyodhani."

"Ni mafuta."

"Labda. Mimi si daktari." Nilichukua ile mausi pana, nikamnyooshea kutoka upande wake wa kushoto, ili nipate la kufanya na mikono yangu. "Ijaribu hii tena."

Hakuipokea. Alikuwa anatazama namba. Nilingoja. Nikaisogeza kidogo, nikaitikisa. Hakugeuka. Nilifikiri amekasirika, na ningekuwa yeye ningekasirika pia. Nikaiweka chini.

"Ipi?" akauliza. "Umesema nijaribu ipi?"

Bassam, aliyekuwa akipanga nyaya za chaja mlangoni, alisema kwa Kiswahili chake cha kuokota, "Yalla, Nasifu, mkono moja saa nzima! Mpe mtu mausi, khalas."

"Dakika mbili, arbab," nilimjibu bosi wangu. Kisha nikamwambia Gerishom, "Nitazame pua."

"Ina nini?"

"Itazame tu. Usiiache. Sasa niambie, mkono huu una vidole vingapi?" Niliinua vidole vitatu vya mkono wangu wa kulia pembeni ya bega lake.

"Mkono gani?"

Niliuleta mbele polepole. Ulipita sikio lake. Ulipita jicho. Mimi mwenyewe, nikitazama pua yake, niliuona muda wote. Ulipokaribia kuwa mbele ya uso wake ndipo akasema, "Aa, huo. Vitatu." Nikajaribu upande wa pili. Ikawa vilevile. Mkono wa kulia ulitoka gizani, na wa kushoto ukatoka gizani. Mtu huyu alikuwa anautazama ulimwengu kama kupitia mlango ulioachwa nusu wazi.

"Rudia," alisema. Sauti yake, ambayo nayo siku hizi ilikuwa nzito kama ya mtu aliye ndani ya pipa, ilishuka.

Nikarudia. Safari hii alihesabu mwenyewe kimya, akaona ulipotokea, akaruka kidogo kama mtu aliyeguswa na umeme.

"Ulikuwa wapi huo mkono?"

"Hapo hapo."

"Acha mchezo, bana."

"Sichezi, Gerishom."

Alishika ukingo wa kaunta. Mausi moja ilianguka, hakuna aliyeiokota. Nilikuwa nimefungua daftari kutafuta umbo la mausi, na sasa sikujua nimefungua nini.

Nilimpigia Ivy. Ni nesi Mkenya kwenye kliniki moja ndogo nyuma ya barabara yetu, na daftari langu linaye pia, mkono mdogo, sentimita kumi na sita nukta mbili. Nikaweka simu kwenye spika na kumweleza kwa utaratibu: namba, tarehe, buti, pete, macho. Hakunikatiza.

"Gerishom," alisema, "unaumwa kichwa?"

"Kiasi. Hili jua, sista."

"Hata asubuhi ukiamka?"

Alisugua paji la uso. "Hata asubuhi."

"Unatoka jasho kuliko wenzako?"

"Nalala na taulo. Vijana wananicheka."

"Meno yako yameanza kuachana?"

Gerishom alipeleka ulimi kwenye meno yake ya mbele. Niliona uso wake unavyobadilika kabla hajajibu. "Nani amekuambia?"

Ivy alivuta pumzi. "Nisikilizeni. Siwezi kusema ugonjwa kwa simu, na naweza kuwa nimekosea. Kuna kitezi kidogo chini ya ubongo, kikivimba kinaweza kumkuza mtu mzima, na kikiendelea kinabana mishipa ya macho. Kama ndicho, kina matibabu. Lakini macho hayangoji. Kesho saa mbili asubuhi muwe hapa, daktari atakuona kabla foleni haijaanza. Nasifu, njoo na daftari. Watu huja hapa wakisema wamebadilika, na hawana cha kuonyesha."

"Kesho niko kazini," Gerishom alisema. "Na Ijumaa ni fainali. Niende Jumamosi."

"Kazi yako ni ipi?"

"Mlinzi. Maegesho."

"Maegesho, na magari? Kesho saa mbili," Ivy alisema. Alipokata simu, Gerishom alinigeukia.

"Wewe usimwambie mtu. Unasikia? Supavaiza akijua sioni pembeni, khalas. Nani anaweka kipofu getini? Viza ni ya kampuni, kitanda ni cha kampuni. Nina watoto wawili shule."

"Sitasema."

"Apa."

"Sitasema, kaka. La kusema ni lako. Lakini magari yanaingiaje kwako?"

"Kulia yanaingia, kushoto yanatoka." Alisimama hapo. "Wiki jana moja lilinipitia karibu hivi," akapima kiganja kutoka kwenye mbavu zake. "Nilimtukana dereva. Nilimwambia hana macho."

Alichukua kofia yake na kutoka. Nilimfuata kwa sababu sikujua kingine cha kufanya. Nje joto la mchana lilikuwa limesimama kama ukuta, na barabara yetu ilikuwa karibu tupu. Gerishom alifika ukingoni, akatazama mbele, akatazama tena mbele, akashuka.

Nilimvuta kwa mkanda wa suruali. Pikipiki ya kupeleka chakula ilipita mbele ya vifua vyetu, upepo wake ukanipiga usoni, dereva akapiga honi ndefu akaenda nayo mpaka kwenye kona. Gerishom hakupiga kelele. Aligeuza kichwa chote upande ilikotoka, kisha upande ilikokwenda.

"Hakukuwa na kitu pale," alisema. "Nasifu, wallahi, naapa kwa mama yangu, hakukuwa na kitu pale."

Yeye ni Mkristo wa kanisa la kila Jumapili, na sijawahi kumsikia akisema wallahi kabla wala baada.

Tuliketi kwenye ngazi ya duka. Alitoa simu, akaandika ujumbe kwa supavaiza, akaufuta, akaandika tena. Vidole vyake vilikuwa vinabonyeza herufi mbilimbili. Alinipa simu.

"Andika wewe. Sema kesho siji, naenda hospitali. Sema macho."

"Macho? Una hakika?"

"Mtu anaweza kupita na mtoto pale getini. Andika macho."

Nikaandika. Alinyang'anya simu akatuma mwenyewe kabla sijamsomea. Alama moja ya tiki ikatokea, halafu mbili. Tulizitazama. Hazikubadilika rangi; supavaiza alikuwa bado hajausoma.

Nilimpeleka mpaka kwenye chumba anacholala na walinzi wenzake, nikitembea upande wa barabara. Njiani aliniuliza kama Ivy ni mtu wa kukosea, nikamwambia sijui, namjua mkono tu, na hapo akacheka kidogo, kicheko kibaya.

Niliporudi Bassam alikuwa ameiokota ile mausi sakafuni na kuifuta kwa shati lake.

"Amechagua ipi?"

"Bado, arbab. Nadhani hii pana, au ile nyepesi. Sijui kama nichague kwa mkono wa leo."

Alinitazama usoni, akairudisha mausi kwenye kaunta. Nilitia daftari kwenye mfuko wa plastiki, nikaandika kwenye karatasi: Gerishom, saa moja na nusu, mlangoni kwake. Mausi zote tano zilikuwa bado nje ya maboksi. Nikamwomba aziache hapohapo kwenye kaunta mpaka nitakaporudi kesho.