Hewa Kati ya Kifua na Kifua

Bi Tumu Athman alikuwa na tabia ya kutazama mpira wa kikapu bila kuutazama mpira. Kila baada ya mechi alikaa ukumbini kwake na video ya mchezo, akazima sauti, akachagua mchezaji mmoja tu na kumfuata kwa macho tangu kipenga cha kwanza hadi cha mwisho, kama mama wa kambo anavyomfuata mtoto penye sahani ya nyama. "Mpira una watazamaji wa kutosha," alisema akiulizwa. "Mimi namtaka yule asiyetazamwa."

Tabia hiyo ndiyo iliyompa ukocha wa Nguva wa Malindi, timu ya wanaume ya ligi ya kulipwa, baada ya mji kucheka mpaka ukachoka. Mwanamke wa mtaa wa Shela, keshaoza binti, awafundishe majitu yale kuruka? Sasa majitu yalikuwa yakipigania ubingwa, na waliocheka walikuwa wakibembeleza tiketi.

Katika wasiotazamwa, aliyempenda kuliko wote alikuwa Mangi, kijana wa mashambani huko nyuma ya Gede. Mangi hakuwa mfungaji. Akitupa mpira kikapuni, hata wenzake walifumba macho. Kazi yake ilikuwa kuinuka benchini, kumkaba mfungaji hatari wa upande wa pili, kumganda kifua kwa kifua hadi asahau mkono wake wa kulia ni upi, kisha kurudi benchini bila kupigiwa makofi. Alijua kusimama kama nguzo ili mwenzake apite. Alijua kuangushwa ili faulo imwangukie mwingine. Meneja wa timu, Zipporah, aliyependa watu wa pointi, alitaka kumwacha tangu msimu uliopita, lakini Bi Tumu alisimama kikaoni akasema, "Mkimwondoa huyu, niondoeni na mimi." Yalikuwa maneno makubwa, na tangu siku hiyo jina lake na la Mangi likawa jina moja.

Ndiyo maana moyo ulimwenda mbio jioni aliyokaa kutazama mechi waliyofungwa kule Kilifi na timu ya Mikoko. Mangi alipewa kumkaba Kambi, nahodha wa Mikoko, mtu mzima mwenye mvi za kwanza ndevuni na mkono usiokosea. Kambi alipopokea mpira, Mangi alirudi nyuma hatua nzima. Kambi akafunga. Mpira uliofuata, vilevile. Kisha mpira uliporuka ovyo na wote wawili wakaukimbilia, mkono wa Mangi ulifika karibu na mkono wa Kambi ukanywea, kama uliogusa sufuria ya moto.

Bi Tumu alirudisha video nyuma, akatazama tena. Mwenye kuchoka huchoka na kila mtu. Huyu alichoka kwa Kambi tu. Wengine aliwaganda kama kawaida yake.

Muzammil, mume wa bintiye Ummi, alitokea mlangoni, akamwona mama mkwe yuko peke yake, akainamisha kichwa na kurudi alikotoka ili asimpite mbele. Heshima hiyo Bi Tumu aliifurahia siku zote na kuwasimulia mashoga zake. Siku hiyo hakuiona hata.

Asubuhi Zipporah alimwita ofisini. Hakuzunguka.

"Bi Tumu, msimu unaisha. Wenye timu wanataka mchezaji mmoja wa akiba aachwe. Na kuna maneno mjini kwamba watu wa kamari wameingia kwenye ligi. Sitaji mtu. Lakini na wewe ulikuwa Kilifi, na macho unayo."

"Maneno ya mjini si ushahidi," Bi Tumu alijibu.

"Lisemwalo lipo," Zipporah alisema, akamtazama kwa huruma fulani iliyomuudhi kuliko tusi. Bi Tumu alitoka pale ana hasira, na hasira yenyewe hakujua ni ya nani.

Siku chache baadaye alikwenda Gede kununua machungwa kwa ajili ya mazoezi. Alipokuwa akimkemea muuzaji kwa kumchanganyia mabovu, aliinua macho akaona, ng'ambo ya barabara, nyuma ya kibanda cha fundi baiskeli, watu watatu. Mzee mmoja aliyevaa shuka kiunoni. Kambi wa Mikoko. Na Mangi wake yeye.

Mangi alikuwa amechutama. Jitu lile zima lilikuwa chini, macho mchangani, likiongea polepole. Kambi alisimama, mikono nyuma. Kisha Mangi akavuta dumu la njano na kifurushi kilichofungwa kwa leso, akamsogezea mzee, mzee akamsogezea Kambi, na Kambi akapokea kwa mikono miwili bila kutabasamu.

Bi Tumu alijificha nyuma ya rundo la machungwa, yeye na heshima zake zote. Mkono mtupu haulambwi, aliwaza. Hapa kuna mtu analambishwa. Lakini hesabu haikumkalia sawa. Aliyenunuliwa hupokea, hatoi. Mbona mtoaji ni Mangi? Angelisimamia swali hilo kidogo tu, lingemfikisha penye jibu. Badala yake alilisukuma kando, kwa sababu mtu akishaanza kushuku hataki swali, anataka mwizi. Labda anamrudishia sehemu ya alichopewa, alijiambia. Kikulacho ki nguoni mwako.

Mazoezini alimwita Mangi pembeni.

"Shikamoo, Kocha."

"Marahaba. Kambi ni nani kwako?"

Macho ya Mangi yakashuka, vilevile kama kule Gede. "Ni mchezaji wa Mikoko, Kocha."

"Hilo najua, limeandikwa mgongoni mwake. Mnaonana wapi?"

Kijana aliuzungusha mpira mikononi. Jasho lilimtoka kuliko la mazoezi. "Ni mambo ya nyumbani, Kocha. Niliahidi nisiyaseme hadi yaishe. Wenzake Kambi wakijua watamfikiria vibaya. Yakiisha, wewe ndiye nitakayekujia kwanza. Nina ombi kubwa kwako."

"Ombi la kukutetea kwa wenye timu?"

"La, Kocha. Ombi lingine."

"Wazimu!" Bi Tumu alisema. "Nimekutetea mpaka koo limekauka, nawe unanifanyia mafumbo?" Akamwacha amesimama na mpira mkononi. Usiku huo na usiku uliofuata hakulala vizuri. Alikuwa akimpenda kijana yule, na hilo ndilo lililomuuma. Mtu usiyempenda akikuuza, unapata hasara. Unayempenda akikuuza, unajiona mjinga.

Mechi ya mwisho ya msimu ilikuwa dhidi ya Mikoko hao hao, mara hii Malindi, Jumamosi alasiri. Ukumbi ulijaa. Upande wa wageni, juu kabisa, Bi Tumu alimwona yule mzee wa shuka, na pembeni yake mwanamke mtu mzima aliyejitanda leso, kimya, macho hayabanduki uwanjani. Watu wa kamari siku hizi wanakuja na wazazi, aliwaza kwa uchungu.

Alikuwa ameshaamua jinsi ya kumpima Mangi. Akawakusanya wachezaji na kusema mbele ya wote, makusudi, ili asiwe na pa kukimbilia:

"Mangi, Kambi ni wako kutoka mwanzo hadi mwisho. Nikiona hewa kati ya kifua chako na chake, jezi hiyo utaivua hapo hapo, na usirudi."

Wenzake walitazamana. Mangi aliichomeka jezi vizuri kiunoni. Kisha akaitikia, "Sawa, Kocha."

Hakukuwa na hewa. Mangi alimganda Kambi kama ngozi. Akamnyima pasi, akamnyima pumzi, akamsukumia pembeni hadi Kambi akawa anatupa mipira inayogonga chuma na kurudi. Ajabu ni kwamba Kambi hakulalamika kwa refa hata mara moja. Bi Tumu aliona na hilo, na shaka yake, badala ya kulala, ikageuka upande wa pili: au wamepatana leo washinde Malindi?

Dakika ya mwisho, Nguva wakiongoza kwa pointi moja, Kambi alipokea mpira akaenda kikapuni kwa nguvu zake zote. Mangi alisimama njiani hakusogea. Wakagongana kifua kwa kifua, na mtu mzima yule akaruka nyuma, akaanguka chali, mdomo ukipasuka. Refa akaonyesha kosa ni la Kambi. Ukumbi ukalipuka.

Mangi aliinama kumwinua. Mkono wake ukafika katikati, ukasimama, ukarudi. Kambi aliinuka mwenyewe. Juu kule, mwanamke wa leso alikuwa ameshasimama na alikuwa akishuka ngazi bila kutazama nyuma, mzee akimfuata.

Kipenga cha mwisho kilipolia Zipporah alimkumbatia Bi Tumu. "Nisamehe," alisema. "Nimeona leo. Huyu haachwi, na mkataba wake nitauongeza mimi mwenyewe." Bi Tumu alilia kwa furaha bila kuona haya. Jina lake lilikuwa salama.

Kesho yake asubuhi aligongewa mlango. Alikuwa mzee wa shuka, na mbele ya miguu yake dumu la njano limejaa, harufu ya tembo la mnazi ikimtangulia ndani ya nyumba ya Kiislamu, na majirani wa Shela madirishani wakihesabiana dhambi. Bi Tumu alikuwa na Muzammil mle ndani, na huyo alimpokea mzee, akamwekea kiti, kisha akasimama mbali alipomwona mama mkwe anatoka.

"Naitwa Karisa," mzee alisema. "Samahani, mama, kukuletea kitu hiki mlangoni. Kwetu dumu la posa likikataliwa hurudishwa kwa wazazi wa kijana. Lile alilotuletea tulishalinywa, hili tumelitafuta sisi. Mangi hana baba wala mama. Alipokuja kuposa tulimwuliza, mzazi wako nani huko mjini? Akasema ni wewe. Alisema posa ikikubaliwa atakuja kukuomba usimame naye siku ya mahari."

Bi Tumu alikaa. "Posa ya nani?"

"Ya Purity, dadake Kambi. Mimi ni mzee wa ukoo wao."

"Mzee wangu, kaka wa mke si shemeji? Shemeji hutaniwa!"

"Huyu si shemeji, mama. Baba yao alipokufa, Kambi ndiye aliyekaa kitini pake. Ndiye aliyemlea Purity, na dumu lilipokewa kwa mikono yake. Kwa Mangi yule ni mkwe tangu alipotamka nia, kabla hata ya dumu, na mkwe hagusiki, seuze kuangushwa. Tulimwambia kijana, siku ya mechi jifanye mgonjwa. Akasema hawezi, kocha wangu ameshaanza kunishuku, nikikaa nje ataamini nimeuza mechi, na mimi sitaki mama yangu aamini hivyo."

Bi Tumu alifunika uso kwa kanga yake.

"Kambi mwenyewe hakukataa," mzee aliendelea, taratibu, bila ukali, na ingekuwa afadhali angekuwa mkali. "Alisema ule ni mchezo. Lakini mama yao alikuwepo. Mama mkwe hawezi kukaa uso kwa uso na mkwe, akaona uwanjani atamwona kwa mbali bila kuvunja adabu. Ndivyo alivyomwona. Anamwangusha mwanawe chini, na watu wanapiga makofi. Akasema, mwenye kumtupa mkwe ili alinde kazi, binti yangu atamtupa ili alinde nini?"

Mzee alipoondoka Bi Tumu alibaki amekaa. Alipogeuka alimwona Muzammil bado amesimama kando ya ukuta, kichwa chini, mikono imekunjwa, akingoja mama mkwe apite ndipo naye apite. Macho ya Mangi kule Gede yalikuwa hayo hayo. Yeye, aliyejisifu kuona wasiotazamwa, aliishi na jibu nyumba moja.

Alijitanda buibui, akalibeba lile dumu mwenyewe. Muzammil alitaka kumsaidia, akamkataza. Alipita nalo mchana kweupe mbele ya milango yote ya mtaa, akaingia tuktuk, dereva akalitazama dumu, akamtazama yeye, akaona bora anyamaze. Huko mtaa wa Barani alimkuta Mangi amekaa nje ya chumba chake cha kupanga, jezi imeanikwa juu ya kamba.

Mangi aliliona dumu kabla ya kumwona aliyelibeba. Hakuuliza. Aliinuka, akalipokea kwa mikono miwili, akaliweka chini ya ukuta penye kivuli, kisha akamletea kocha wake kigoda.

"Shikamoo, Kocha."

Bi Tumu hakukaa. "Mwanangu," alisema, "nitakwenda kwao. Nitapiga magoti kwa yule mama. Nitamwambia kosa ni langu."

"Hatakusikiliza, Kocha. Hata mimi ningekuwa yeye nisingesikiliza." Akachezea uzi uliochomoka kwenye jezi. "Nataka kujua jambo moja tu. Jana, uliiona hewa?"

"Sikuiona," Bi Tumu alisema. "Hata chembe."

"Basi," Mangi alisema, na akaingia ndani kumtafutia maji ya kunywa.